Utumbo ukitoboka: dalili za kuzijua, cha kufanya usiku huohuo, na maisha baada ya oparesheni

Kama kuna mtu ndani kwenu anaumwa tumbo sahizi na ndo kilichokuleta hapa, soma aya hii moja tu afu inukeni. Maumivu yameanza ghafla kama kachomwa kisu, yameanzia sehemu moja yakasambaa tumbo zima, ukiligusa tumbo ni gumu kama ubao wa kukatia mboga, mwenyewe hataki kusogea kakunja magoti, akikohoa au gari likiruka tuta anapiga kelele. Huyo mpelekeni hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hii hii. Asile, asinywe hata maji, msimmezeshe dawa yoyote, asichomwe diklofenaki, asipewe dawa ya kumfanya aharishe, asipigwe bomba la maji ya sabuni. Mengine mtasoma mkishafika.

Sasa wengine tukae tuongee. Mimi sio daktari, nimeuguza. Mdogo wangu alirudi kutoka machimboni ana homa, kule maji ya kunywa ni ya dimbwi lile lile watu wanaloshea mchanga wa dhahabu na choo ni kichaka. Homa ikaenda wiki ya kwanza akaambiwa malaria, wiki ya pili akaambiwa taifodi akapewa vidonge, akameza siku tatu akaona nafuu akaacha. Wiki ya tatu usiku mmoja akaanza kulia na tumbo, tukaita kijana wa duka la dawa akamchoma sindano ya maumivu, akalala. Asubuhi mama anasema afadhali kapumzika. Hakua amepumzika, utumbo ulishatoboka na maumivu tumeyaziba tu. Tumefika hospitali siku ya pili tumbo limevimba kama ngoma, macho yameingia ndani, mkojo hatoi. Alipona, ila ile siku moja na nusu tuliyompotezea ilimgharimu miezi, ndo mana naandika hivi kwa urefu.

Kinachotokea ndani ni hivi. Utumbo ni bomba, vilivyomo ndani ya bomba ni chakula, tindikali, nyongo, kinyesi na bakteria kibao, na nje ya bomba ndani ya tumbo ni pasafi kabisa hamna kijidudu. Tundu likitokea, hata la ukubwa wa punje ya mahindi, vya ndani vinamwagika nje na ile ngozi laini inayofunika matumbo inaungua na kuvimba, madaktari wanaita peritonaitisi. Hapo ndo tumbo linakua gumu, misuli inajikaza yenyewe. Baadae bakteria wanaingia kwenye damu, presha inashuka, figo zinagoma, mtu anaanza kuweweseka. Haya yote yanahesabiwa kwa masaa, sio siku.

Na kuna mtego mmoja nataka muujue kuliko yote. Kidonda cha tumbo kikitoboka, baada ya masaa machache ya mwanzo maumivu yanaweza kupungua. Mwili unamwaga majimaji yanazimua ile tindikali, mgonjwa anasema ah nipo sawa kidogo, ndugu wanaahirisha safari mpaka kesho. Sio kupona huko. Kama lilianza kwa kishindo afu likatulia huku tumbo bado gumu na mapigo ya moyo yanakimbia, ndo muda wa kukimbia na nyie.

Dalili nyingine za kuangalia: kutapika, homa au mwili kua wa baridi na jasho, tumbo kujaa, hapati choo wala hatoi upepo, mkojo kidogo na mweusi kama chai ya rangi, wengine maumivu yanapanda mpaka begani (hewa iliyotoka inakaa chini ya kiwambo cha kupumulia, bega linauma bila kuguswa). Ila wazee, wenye kisukari, wenye kinga ndogo na wanaotumia dawa kama prednisoloni wanaweza wasilie kabisa, tumbo lisiwe hata gumu sana, unaona tu mtu kapoa ghafla na hataki kula. Hata wa taifodi aliyelala wiki mbili anakua hoi kiasi kwamba maumivu hayaonyeshi vizuri. Hao usisubiri ubao.

Nini kinatoboa

Huku kwetu ambako maji ni shida, taifodi iko juu sana kwenye orodha. Vile vijidudu vinakaa kwenye vivimbe vidogo vya kinga vilivyopo mwisho wa utumbo mwembamba, karibu na pale unapoungana na utumbo mpana, vinavimba, vinaoza, na wiki ya 2 kuingia ya 3 ya homa ndo ukuta unaachia. Kwa iyo ukiona homa imepita wiki na haieleweki, hiyo sio ya duka la dawa tena. Na inaweza kutoboa hata kama mtu yuko kwenye dozi na homa imeanza kushuka, usishangae ukasema mbona alikua anaendelea vizuri. Hili sio jambo la mtu mmoja mmoja: Kinshasa mwishoni mwa 2004 kuingia 2005 waliugua taifodi watu zaidi ya 42,000, karibu 700 wakapata peritonaitisi au matumbo yakatoboka, na Kasese kule Uganda 2008 na 2009 walihesabu watu 249 waliotoboka utumbo kwenye mlipuko mmoja. Kasese madaktari wa upasuaji waliona matumbo yaliyotoboka yanamiminika wodini kabla watu hawajajua kwamba kuna mlipuko wa taifodi.

Afu tuseme ukweli kuhusu kile kipimo cha haraka cha Widali. Kinakupa jibu la una taifodi hata kama ulishawahi kuugua zamani au una kitu kingine kabisa, ndo mana kila mtu mtaani ana taifodi na UTI kila mwezi. Matokeo yake neno taifodi limezoeleka kama mafua, na ya kweli ikija hatushtuki. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu, inachukua siku kadhaa, lakini omba kama hospitali wanacho.

Cha pili ni vidonda vya tumbo, na hapa nina hasira kidogo na diklofenaki. Watu wanameza kama karanga: mgongo diklo, jino diklo, hedhi diklo, mabega ya kubeba zege diklo, tena bila chakula. Hizo dawa, na ibuprofeni na aspirini ziko kundi moja, zinaondoa ule utando unaolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali. Ukiongezea yule bakteria anaitwa Helikobakta pailori na sigara, kidonda kinachimba mpaka kinatokea upande wa pili. Wazee wetu wanasema vidonda vinaletwa na mawazo na njaa, lakini toka 1982 Barry Marshall na Robin Warren kule Australia walionyesha bakteria ndo mhusika mkubwa, wakapewa Nobeli 2005. Maana yake kidonda kinatibika kikaisha, sio ugonjwa wa kuishi nao na maziwa. Na mtu aliyekua analalamika kiungulia na chembe ya moyo miaka, siku akisema leo limepasuka kitu humu ndani, muamini.

Kidole tumbo kinachofuata, hiki kinaanzia kitovuni kinahamia chini kulia, kikicheleweshwa siku mbili tatu kinapasuka. Ngiri iliyonasa, ile inayotoka na hairudi tena afu inauma na mtu anatapika, utumbo ulionaswa unakosa damu unaoza unatoboka, msiikande kwa nguvu kuirudisha. Utumbo kujisokota nao hivyo hivyo. Ajali za bodaboda, hasa usukani kumgonga mtu tumboni, nje unaona mchubuko tu na anatembea, kesho yake tumbo ni ubao. Kisu na risasi hamna haja ya kueleza. Kuna TB ya utumbo, kuna saratani ya utumbo mpana, kuna mfupa wa samaki uliomezwa. Na kuna hili linalofichwa, mimba iliyotolewa kienyeji kwa vyuma, kinapitiliza kizazi kinatoboa utumbo. Dada kama ni wewe au rafiki yako, mwambieni daktari ukweli mkiwa wenyewe wawili, anachokitafuta ni tundu liko wapi.

Safari ya kwenda

Swali la kwanza la kuuliza mkifika popote ni "hapa mnafanya upasuaji wa tumbo usiku huu?" Wakisema hapana, ombeni mambo matatu tu, dripu iwekwe, antibayotiki ya sindano ianze, barua ya rufaa iandikwe wapige simu mbele, mwondoke. Msikubali "tumwangalie mpaka asubuhi" kwa tumbo gumu. Nilijifunza hili kwa machungu.

Gari au bajaji ni bora kuliko pikipiki, mlaze mgongo umeinuka kidogo na magoti yamekunjwa kuna mto chini yake, akitapika mgeuze ubavu. Lakini kama kuna pikipiki tu basi ni pikipiki, bora aumie njiani kuliko abaki. Bebeni maboksi ya dawa zote alizotumia hata za kienyeji, kumbukeni maumivu yalianza saa ngapi na kala mara ya mwisho lini, kadi ya bima kama ipo, kitambulisho, na watu wawili watatu wazima wenye afya wa kutoa damu. Kama hela hamna, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hapo hospitali mapema, msikae kimya kwenye benchi mkidhani watawafukuza.

Mkishafika

Ndugu wengi wanaingia hofu wakiona mgonjwa wao kapitishiwa mpira puani, mwingine kwenye mkojo, na madripu mikono miwili, na bado hajaingizwa thieta. Wanadhani anacheleweshwa. Sio hivyo. Mtu aliyekauka maji akipewa dawa ya usingizi hivyo hivyo presha inaanguka anaweza kufia mezani, kwa iyo masaa mawili matatu ya kumjaza maji na kumpa antibayotiki (mara nyingi seftriaksoni na metronidazo) ni sehemu ya matibabu. Mpira wa puani unatoa uchafu usiendelee kumwagika. Mfuko wa mkojo unaweza kuuangalia hata wewe: mtu wa kilo 60 anatakiwa atoe kama mililita 30 kila saa, ukiona masaa yanapita mfuko hauongezeki mwite nesi.

Eksirei inapigwa ya kifua akiwa amesimama au amekaa, sio tumbo, watu wanashangaa. Hewa iliyotoroka inapanda juu inakaa chini ya kiwambo, kwenye picha inaonekana weusi mwembamba juu ya ini kama mwezi mwandamo. Lakini kuna wengi wametoboka na mwezi hauonekani, hasa tundu dogo, kwa iyo eksirei safi na tumbo gumu haina maana arudi nyumbani. Altrasaundi inasaidia kuona majimaji, siti skani ndo inaona vizuri zaidi ila haipo kila mahali, na daktari mzoefu anaweza kuamua kwa mikono yake tu. Wakimpa dawa kali ya maumivu pale hospitali baada ya kumpima ni sawa, shida yetu ni ile ya duka la dawa inayomlaza nyumbani.

Kuna wachache wanaotibiwa bila kupasuliwa, mfano tundu dogo lililojiziba lenyewe, au kidole tumbo kilichofanya jipu limezungukwa, wanapewa antibayotiki na kuangaliwa kwa karibu. Huo ni uamuzi wa daktari bingwa, na ni wa wodini sio wa sebuleni. Tundu la taifodi linaenda thieta.

Kabla ya kusaini fomu uliza swali moja, "anaweza kuamka na mfuko tumboni?", yani utumbo umetolewa nje choo kitokee kwenye mfuko. Sisi hatukuuliza, mdogo wangu aliamka akakuta utumbo mwekundu umetokea pembeni ya kitovu akajua ndo mwisho wake, alilia siku mbili haongei na mtu.

Ndani wanafungua tumbo kwa mstari wa katikati, wananyonya uchafu, wanaosha kwa lita nyingi za maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka yatoke masafi, na wanapitia utumbo wote kwa vidole mana ya taifodi yanaweza kua zaidi ya tundu moja. Tundu la kidonda cha tumbo linafunikwa na kipande cha ule utando wa mafuta unaoning'inia ndani ya tumbo, kama kiraka, njia aliyoielezea daktari Graham wa Toronto 1937 na bado inafanya kazi. La taifodi wanapunguza kingo zilizooza wanashona, au yakiwa mengi wanakata kipande kile kizima wanaunga. Na tumbo likikutwa limeoza sana, kuunga siku hiyo ni hatari, mshono utaachia, ndo wanautoa utumbo nje kwa muda choo kipite kwenye mfuko. Mfuko sio kushindwa, ni kuupa utumbo wa ndani nafasi ya kupona.

Wodini

Siku ya kwanza akae, ya pili ashuke kitandani, hata kama analalamika. Mapafu yakilala nimonia inakuja na miguu isipotembea damu inaganda. Mfundishe kukumbatia mto tumboni anapokohoa, inasaidia sana. Chakula usimwibie hata kijiko cha uji mpaka daktari aseme. Akitoa upepo shangilieni, utumbo umeamka. Wanaanza na maji kidogo kidogo, uji mwepesi, supu, halafu ndo ndizi na vingine.

Mshono unaangaliwa kila siku. Usaha ni kawaida kwa matumbo yaliyokua machafu, wanasafisha na wakati mwingine wanaacha nyama ya juu wazi makusudi ipone kutokea chini, msiwalaumu. Ila ukiona kuanzia siku ya tano hivi majimaji ya rangi ya waridi yanalowesha bandeji ghafla, mlaze chini hapo hapo na ita daktari, mshono wa ndani unaweza kua unaachia. Utumbo ukitokeza msiurudishe kwa mikono, funikeni na kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi ya dripu. Homa inayorudi baada ya wiki mara nyingi ni usaha umejikusanya ndani, anahitaji altrasaundi. Na kama uchafu wa choo unatoka kwenye kidonda, hiyo nayo sema mapema.

Kuhusu mfuko, nitakaa hapa kidogo mana hakuna aliyetuelekeza vizuri. Ule utumbo uliotokea nje unatakiwa uwe mwekundu na wenye unyevu kama ndani ya mdomo. Ukiwa mweusi au wa bluu rudi hospitali siku hiyo. Mwaga mfuko ukifika theluthi, ukijaa unabanduka kwa uzito. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, sio spiriti wala dawa za kuulia vijidudu, kausha kabisa kabla ya kubandika. Tundu la mfuko ulikate liwe kubwa kuliko utumbo kwa milimita 2 au 3 tu, likiwa pana uchafu wa utumbo mwembamba unaunguza ngozi vibaya, mdogo wangu alipata kidonda kikubwa kuliko cha oparesheni kwa kosa hili dogo. Mifuko ikikosekana na mnatumia plastiki za kufunga, pakeni krimu ya zinki kwenye ngozi inayozunguka.

Mfuko wa utumbo mwembamba unapoteza maji na chumvi nyingi. ORS iwepo nyumbani muda wote. Kizunguzungu, mkojo mweusi, misuli kukaza, au kinachotoka kinazidi lita moja na nusu kwa siku, rudi hospitali. Na mtu msimtenge, harufu mkimwaga kwa wakati hamna. Mdogo wangu aliacha kwenda msikitini kwa aibu, mpaka mjomba akampeleka kwa shehe akaambiwa atawadhe kila wakati wa sala ukiingia na aswali, dini haijamfungia. Ile siku ndo nlimuona anacheka tena.

Mfuko unarudishwa mara nyingi baada ya wiki 8 mpaka 12 mwili ukiwa umejenga nguvu. Vitu vizito, ndoo, jembe, gunia, asinyanyue wiki 6 za mwanzo baada ya kila oparesheni, la sivyo ngiri inatokea kwenye mshono. Aliyetoboka kwa kidonda cha tumbo apimwe pailori, akikutwa nayo amalize dozi, kawaida siku 14 za dawa tatu kwa mpigo, diklo na ndugu zake aziage moja kwa moja, akiumwa kichwa paracetamol. Wa taifodi amalize antibayotiki yote, na nyumba nzima ianze kuchemsha maji, sio ya mgonjwa peke yake. Chanjo ya taifodi nayo ipo, Malawi waliwapa watoto 2023 na Kenya wakafuata 2025, kwa hiyo ulizia kituo cha afya cha kwenu kama imefika.

Ile karatasi ya kuruhusiwa msiitupe. Tumbo lililowahi kufunguliwa linabaki na makovu ndani ambayo hata baada ya miaka yanaweza kuukaba utumbo, mtu anatapika, tumbo linajaa, upepo hautoki, na daktari wa siku hiyo lazima ajue nini kilikatwa na wapi. Ya mdogo wangu imelowa mvua mara moja ikakaribia kufutika, sahizi tumeipiga picha iko kwenye simu ya mama na kwenye yangu.